Kengele Ngumini

Mara ya kwanza dubu alipoingia uwanjani, aliyejua ni Tokuji peke yake, na Tokuji akanyamaza.

Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umeulalia mto, naye amekwenda kufagia majani kabla wenzake hawajafika. Nyuma ya shimo la sita, chini ya mti wa kaki, yale matunda matamu ya rangi ya chungwa, akakikuta kinyesi. Kikubwa, cheusi, kimejaa mbegu za kaki ambazo tumbo halikuzisaga. Hapo panahitaji mtaalamu gani? Mtu aliyezaliwa na kuzeeka katika milima ya Akita anakijua kinyesi cha dubu kama anavyokijua kizingiti cha nyumba yake. Akainua macho. Gome la mti lilikuwa limechanwa kwa kucha toka chini mpaka kwenye matawi yaliyobeba matunda, na ndani ya michano ile mti ulikuwa bado mbichi.

Sasa, kule kwao jambo hili halina mjadala. Ukiona alama ya dubu, unasema. Hata mwizi aliye mbioni na kuku wa watu, akikutana na dubu, hupiga simu ofisi ya mji. Vipaza sauti vya kwenye nguzo vitatangaza, wawindaji watapanda na bunduki na mitego yao, na uwanja utafungwa mpaka theluji ije na iyeyuke. Na kwa habari za uwanja ule, wa kupiga simu alikuwa Tokuji mwenyewe, maana ndiye mwenyekiti wa kikundi cha gofu.

Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule. Kisha akasukumia rundo la majani juu ya kile kinyesi kwa fagio lake la mianzi, akalipigapiga likakaa vizuri.

Mhukumu ukitaka, sikukatazi. Lakini kwanza uijue habari ya mkewe.

Haruno alikuwa anapotea kidogo kidogo. Si kupotea njia, ingawa na njia pia alikuwa akipotea; anapotea yeye mwenyewe, huku amekaa mbele yako na aproni yake kifuani. Majira ya baridi yaliyopita theluji iliziba mlango wao kwa wiki nyingi, wakakaa ndani na jiko la mafuta na televisheni, na ilipoyeyuka Haruno alitoka akiwa hamjui tena dada yake wa kuzaliwa tumbo moja. Alimkaribisha chai kwa heshima zote, kama mgeni wa ofisini. Dada mtu akaenda kulia chooni. Daktari alisema maneno machache tu: anachokipenda msimnyime, na mwili usilale; akikaa ndani, atateleza haraka. Tokuji alirudi na maneno hayo nyumbani akayafanyia hesabu yake. Theluji ile ilimfuta shemeji akilini mwa Haruno. Theluji hii inayokuja itamfuta nani, kama si yeye mumewe? Kila asubuhi mkewe alipofungua macho na kumwita “Baba Chinatsu,” kwa jina la binti yao, mzee wa watu alishukuru kimoyomoyo.

Na Haruno alichokipenda ni gofu.

Usidhani ni ile gofu ya matajiri, ya vigari na glavu nyeupe. Yao ni gofu ya wazee wa mtaa: kila mtu na fimbo moja tu ya mbao, nene, na mpira mkubwa kiasi cha chenza. Unapiga, unaufuata kwa miguu, unapiga tena mpaka uingie shimoni, mnachekana, mnakwenda shimo lingine. Anayekosa anachekwa, na anayepatia anachekwa vilevile. Na haina majira mazuri kama msimu ule wa kupukutika majani. Ubaridi umechangamka lakini haujang'ata, jua limekukalia mgongoni kwa upole, miti ya kando ya mto imegeuka mingine manjano ya bizari na mingine nyekundu ya pilipili iliyoiva, na mpira wako unapita juu ya majani makavu kwarakwara, kwarakwara, mpaka unanyamaza kwenye nyasi fupi. Loo, raha ile! Mtu wa miaka sabini na kitu anajiona mtoto aliyetoroka shule.

Pale uwanjani Haruno alikuwa mzima. Mwezi haujui, mwaka haujui, lakini mteremko wa nyasi anausoma kuliko wote. Anachuchumaa, anakunja jicho moja, anasimama, anapiga. Mpira unazunguka ukingo wa shimo kama mtu anayeona haya kuingia, kisha tumbwi.

“Shemeji, wewe unatumia dawa!” Eisaku humpigia kelele. Huyu Eisaku alisoma na Tokuji darasa moja toka utoto, seremala mstaafu, mdomo haujawahi kustaafu.

“Dawa unahitaji wewe,” Haruno humjibu. “Mgongo umepinda kuliko mpira wako.”

Na Bi Mitsuyo, mjane wa nyumba ya darajani, wa nne katika kundi lao, huangua kicheko mpaka kikapu cha achari kinamponyoka. Ndio hao. Wanne, kila siku isiyo ya mvua.

Mwaka ule njugu za msituni hazikuzaa. Milima mizima, hakuna. Dubu wenye njaa walikuwa wakishuka vijijini huko bonde la pili, mmoja aliingia hadi kwenye ghala la mchele, na kila jioni vipaza sauti vilikuwa na habari mpya. Kwa hiyo wazee wetu walitundika kengele viunoni, zile ndogo za shaba za watu wapandao mlima, ili dubu asikie akiwa mbali na ajiendee zake. Dubu hapendi kushtukizwa. Akisikia mtu, huondoka. Asiposikia, hapo ndipo kuna msiba.

Lakini gofu nayo ina adabu zake. Mtu akiinama kupiga, wengine hunyamaza. Siku ya kwanza ya kengele Eisaku alikosa mpira wa hatua mbili, akageuka amevimba. “Hizi kengele za kumfukuza dubu au za kunifukuza mimi?” Walicheka, lakini zamu yake ilipofika tena, Haruno aliishika kengele yake kwenye ngumi ili isilie. Mitsuyo akafanya hivyo hivyo. Tokuji naye. Tangu hapo ikawa desturi, wala hakuna aliyekaa kikao kuipitisha: mmoja akiinama, watatu hufumba kengele ngumini na kushusha pumzi. Watu wale wamelelewa hivyo, kumsumbua mwenzako ni aibu kuliko kuumia mwenyewe. Hakuna hata mmoja wa wenzake Tokuji aliyewaza kwamba sasa, kwa kila pigo, uwanja mzima unakuwa kimya, kando ya msitu wenye njaa.

Tokuji aliliwaza. Baada ya kile kinyesi, aliliwaza kila zamu.

“Leo tu,” aliiambia nafsi yake asubuhi ile ya kwanza. Kesho yake akakuta kingine, na matawi ya mti wa kaki yamevunjwa yakaning'inia. Akakusanya matawi, akazoa kinyesi kwenye gunia, akalisukuma gunia nyuma ya kibanda cha zana. “Leo tu,” tena. Ukishajiambia leo tu mara mbili, ya tatu haikuumi.

Kufagia majani kulikuwa kwa zamu, lakini akazichukua zamu zote. Wenzake walipofika walikuta uwanja unang'aa.

“Mwenyekiti, unatuaibisha,” alisema Mitsuyo. “Zamu ya leo ilikuwa yangu. Mgongo wako si wa chuma.”

“Silali vizuri,” alisema Tokuji. “Heri nifagie kuliko kutazama dari.”

“Mwache,” Eisaku alisema. “Ameanza kutafuta thawabu, anajua safari i karibu.”

“Safari utatangulia wewe, na huko utafika ukiwa umepoteza mpira.”

Wakacheka. Tokuji alicheka kuliko wote. Watu waliokuwa wakimsifu walikuwa wakikanyaga mahali alipopafagia.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya tungemlaani tukalala. Alijaribu kupiga simu, amini usiamini. Siku moja aliishika simu sebuleni, akabonyeza namba mpaka ya mwisho. Haruno akatokea jikoni na fimbo yake ya gofu mkononi, ameshavaa kofia, jua lenyewe halijachomoza sawasawa.

“Baba Chinatsu, mbona unajikokota? Eisaku atasema tumemwogopa.”

Akaiweka simu chini. Nani angeendelea kuishika, akitazamwa na uso ule?

Akajitungia ulinzi wake mwenyewe. Akawa anaweka redio ndogo kwenye benchi, ipige muziki. Eisaku akaizima, akasema amekuja kucheza, hakuja dansini. Akawa anakohoa wenzake wakiinama, na Mitsuyo akamnong'oneza amwone daktari. Akawa anasimama upande wa msitu daima, mgongo wake kwenye miti, masikio yamesimama. Mpira wake ulikuwa unakwenda ovyo. Raha yote ya gofu ilimtoka. Alibaki kuitazama kwa mkewe.

Asubuhi nyingine Mitsuyo alisimama shimo la sita, akainua pua.

“Hamsikii harufu?”

“Harufu gani?” Tokuji aliuliza haraka mno.

“Kama mbwa aliyelowa. Mbwa mchafu.”

“Ni Eisaku,” alisema Haruno.

Hata Tokuji alicheka. Lakini Eisaku hakucheka. Alikuwa akilitazama lile gome lililochanwa, ambalo Tokuji alikuwa amelipaka matope asubuhi, na matope yalikuwa yameanza kukauka na kudondoka. Akasogea, akapitisha kidole chake cha kiseremala juu ya mchano.

“Mwenyekiti,” alisema taratibu, “hujaona chochote unapofagia?”

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu. Tokuji alimtazama rafiki yake wa miaka yote, kisha akamtazama Haruno, aliyekuwa akiufuta mpira wake kwa pindo la aproni huku akiimba puani.

“Sijaona kitu,” alisema. “Ni kulungu huyo, anasugua pembe.”

“Kulungu,” alisema Eisaku.

“Kulungu.”

Eisaku akaliacha. Mtu unayemwamini toka utoto huwezi kumsaili mara mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wahenga hawakuwa wanacheza.

Siku ya mwisho ilianza kwa uzuri wa kukera. Usiku kulikuwa na umande ulioganda, nyasi zilikuwa nyeupe, na jua lilipopanda kila unyasi ulitoa moshi. Vilele vya milima vilikuwa vimeshavaa weupe. Watu wote walijua: wiki moja, labda mbili, na msimu umekwisha. Mitsuyo alikuja na matonge ya wali yenye samaki wa chumvi na chupa kubwa ya chai. Haruno alikuwa juu kweli kweli. Shimo la tatu alilimaliza kwa pigo moja, akacheza kidogo, mikono juu, kama wasichana wa sherehe za kiangazi.

“Baba Chinatsu, umeona? Umeona?”

“Nimeona, mke wangu.”

“Andika kichwani mwako, maana mimi nitasahau,” alisema, na akacheka. Alikuwa anajua, basi. Siku nyingine alikuwa anajua. Tokuji alilazimika kugeuka aangalie mto.

Hakukuta kinyesi asubuhi ile. Alikuwa amezunguka shimo la sita mara mbili, hakuna kitu, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza. Amekwenda, alijiambia. Amepanda mlimani kulala. Kwa hiyo walipofika shimo la sita, alisimama upande wa bendera na wenzake badala ya upande wa msitu. Hilo hakujisamehe baadaye, zaidi ya uongo wote.

Zamu ya Haruno. Mpira wake ulikuwa umesimama karibu na mti wa kaki, chini yake matunda yaliyopondeka. Akachuchumaa, akakunja jicho, akasimama, akainamia mpira. Eisaku akashika kengele yake ngumini. Mitsuyo akashika. Tokuji akashika. Uwanja ukanyamaza, hata kunguru wa mtoni hawakulia, na katika ukimya ule Tokuji akasikia kitu kinatafuna.

Kilikuwa nyuma ya shina. Cheusi. Dubu akanyanyua kichwa, maji ya kaki yakimdondoka mdomoni, na chini ya shingo ana alama nyeupe mfano wa mwezi mwandamo, kama dubu wote wa kule. Kati yake na mgongo wa Haruno hapakuwa na umbali wa kulaza mkeka.

Tokuji aliifungua ngumi. Aliing'oa kengele kiunoni na kuitikisa kwa nguvu zake zote, akapiga ukelele, akakimbia kwa magoti yake mabovu moja kwa moja kuelekea kwenye ule mti.

Haruno akasimama wima, akamgeukia mumewe, amekasirika. Yeye hakumwona dubu, aliyekuwa nyuma yake. Alichokiona ni mwanamume mzima anayevunja adabu.

“Baba Chinatsu!” alimkemea. “Kelele! Mwenzio napiga!”

Tokuji alimsukuma akaanguka kando. Kisha yule mnyama alisimama kwa miguu miwili, na mkono wake ukashuka.

Eisaku ndiye aliyemwondoa. Alipiga pua ya dubu kwa fimbo ya gofu mpaka fimbo ikavunjika, huku anatukana matusi ambayo kijiji hakikujua kwamba anayajua, na Mitsuyo alimmwagia chupa nzima ya chai ya moto. Dubu akarudi msituni akiguna. Haikuchukua muda hata wa kumaliza kikombe. Haruno alikuwa amekaa kwenye majani, hana hata mkwaruzo, anautafuta mpira wake.

Dubu wa kule hupiga uso. Tokuji aliamka hospitalini akiwa na jicho moja. Pua ilikuwa imeshonwa upya, taya limefungwa kwa nyaya lisicheze, na kooni ametobolewa apumulie bomba. Kutoka kwenye paji mpaka shingoni ni bandeji, na pasipo na bandeji pamevimba zambarau kama biringanya. Sauti hakuwa nayo. Mikono yote miwili, aliyojikinga nayo, ilikuwa imefungwa, vidole tu vimechomoza.

Eisaku alikuja. Alivuta kiti, akakaa.

“Nimeliona gunia nyuma ya kibanda,” alisema. “Ulijua, wewe.”

Jicho moja lilimtazama.

“Ungeniambia mimi. Mimi tu. Tungempeleka shemeji uwanja mwingine, tungechimba mashimo kwenye shamba langu la mpunga, lishavunwa, linafanya nini? Tungecheza humo na matope yetu.” Sauti ikamkatika. “Ukamwacha Mitsuyo atembee pale kila siku. Ukaniacha mimi. Halafu unaniambia kulungu.”

Akasimama, akalitengeneza blanketi la mgonjwa, akaondoka bila kuaga.

Machozi yalimtoka Tokuji kwa jicho lililobaki. Shamba la mpunga. Lilikuwa pale siku zote, yeye alipita kando yake kila asubuhi na fagio lake begani, na halikumjia akilini hata mara moja.

Theluji ilianguka. Uwanja ulikuwa umefungwa toka siku ile, na Chinatsu, binti yao, alikuja kutoka mji wa Sendai kukaa na mama yake. Haruno alikaa ndani na jiko la mafuta na televisheni. Manesi walimletea habari kutoka kwa Chinatsu: mama hali chakula vizuri, mama hatoki, mama kila saa anauliza Baba Chinatsu yuko wapi, mbona harudi, chakula kinapoa. Anamwita kwa jina. Anaweka bakuli lake mezani. Tokuji aliposikia hayo alifunga jicho kwa furaha. Basi hajasahau! Theluji imekuja na bado anamkumbuka! Ikiwa ndiyo bei, alisema moyoni, basi uso na uende.

Siku madaktari waliporuhusu, Chinatsu alimleta. Tokuji aliwasikia ukumbini kabla hawajaingia, viatu vya mkewe vikiburuza kwenye sakafu, na moyo ulimpiga kama wa kijana aliyetumwa posa.

Haruno akaingia, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akasimama mbele ya kitanda. Akainama kwa heshima kamili, ile wanayopewa watu wasiojulikana.

“Pole sana, bwana,” alisema. “Maskini, umeumia vibaya. Una watu wako hapa?”

“Mama,” Chinatsu alisema, “ni baba huyu.”

Haruno alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia mzaha usio na maana na hataki kumwaibisha aliyeusema. Tokuji alikuwa anajaribu kutoa sauti, na bomba lilikoroma tu. Angeweza kusema neno moja, jina la mkewe tu, Haruno angelijua koo lile hata gizani. Hakuwa na koo. Akanyoosha vidole vyake, akaupata mkono wa mkewe, akaushika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Haruno akautazama mkono wake uliokamatwa. Akajaribu kuuvuta polepole, asimwumize mgonjwa. Haukutoka. Uso ukamjaa haya, akatupa jicho mlangoni kama kuna mtu atamwona.

“Samahani, bwana,” alisema kwa sauti ya chini. “Niachie. Mimi ni mke wa mtu.”

Tokuji akamwachia.